Wakala Aliyevua Viatu Mlangoni

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa tisa, saa nane na dakika kumi mchana. Saa naijua kwa sababu nilikuwa naitazama pale kwenye kona ya chini ya kompyuta. Siku naijua kwa sababu shangazi alikuwa ameniachia duka aende kwenye kikao cha harusi, na vikao vyake huwa Jumamosi tu. Nayasema haya mapema usije ukaniambia niliota. Nani anaota saa nane mchana, kwenye kiti cha plastiki, Kizota, na pembeni yake kuna mtu anachomelea geti?

Najua visa vya namna hii huwa ni vya usiku, barabara haina taa na mbwa wanabweka. Cha kwangu hakina mbwa. Kilinikuta kwenye duka la kutoa fotokopi na kuchapa barua, feni ikizunguka, mchana kweupe. Niliandika yote kwenye daftari langu jioni ileile, na hapa nanakili tu. Usiponiamini, sitakulaumu. Mimi mwenyewe nisingejiamini kama si viatu, ambavyo nitavielezea.

Kwanza unifahamu kidogo. Nasoma kidato cha tatu. Wazazi wangu wako Kibaigwa, wanahangaika na biashara ya mahindi, na mimi naishi Dodoma kwa shangazi. Tatizo langu ni aibu. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, nainama kama nimeangusha kalamu. Nikitumwa dukani na kukuta watu wamejaa, narudi nyumbani nasema sukari imeisha. Na nikiongea na mtu simtazami usoni, naitazama miguu yake. Nimezoea hivyo tangu mdogo, kiasi kwamba watu wengi wa mtaani kwetu nawajua kwa miguu. Mchungaji wetu ana ukucha mmoja mweusi. Mwalimu wa hesabu anavaa soksi za rangi mbili, akidhani suruali inazificha. Ukinionyesha picha za nyuso zao naweza kukosea, lakini miguu sikosei. Hilo ulishike, ndilo kisa chenyewe.

Sasa simu. Simu niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya mkopo. Si unazijua? Unatoa kianzio, unaondoka nayo ikiwa mpya kwenye boksi, halafu unalipia kidogokidogo kila siku. Usipolipia inajifunga yenyewe, kioo chote kinajaa maandishi ya kukukumbusha deni, huwezi kusoma wala kupiga picha. Aliyeikopa alikuwa bibi yangu mzaa baba, Bibi Dorkasi, aliyekaa nasi pale kwa shangazi, kwa siri, kwa ajili yangu, ili nisomee. Alikwenda mjini na kitambulisho chake cha taifa, akabonyeza kidole gumba, akapigwa picha amekunja uso, na alipoambiwa ataje mdhamini akanitaja mimi niliyesimama nyuma yake nikitazama sakafu. Binti wa dukani akacheka, lakini akaandika.

Bibi aliiita ile simu "kichanga", kwa sababu lazima inyonye kila siku. Mchana aliuza karanga za kukaanga kwenye karakana za Kizota, jioni kabla hajala alikuwa ananiita, "Mke mwenza, lete kichanga tukinyonyeshe." Mke mwenza ni mimi. Ndivyo bibi zetu wanavyotutania. Tulikuwa tunajifungia chumbani tunalipia, kisha naificha chini ya godoro, kwa sababu baba mkubwa asingekubali. Baba mkubwa ni mtoto wa kwanza wa Bibi, ni mzee wa kanisa, na kwa maoni yake msichana mwenye simu ameshapotea nusu.

Mwezi wa tano Bibi akafariki. Aliugua siku nne tu. Tukamzika kijijini kwao, mbele kidogo ya Buigiri, na watu wa kanisani kwetu Kizota walikodi basi wakaja wote. Kabla ya jeneza kushushwa, baba mkubwa akasimama akasema maneno yale yanayosemwa kila msibani: kama kuna mtu anamdai marehemu, ajitokeze sasa au aje aonane na familia. Hakujitokeza mtu. Upepo ukapita. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya binamu zangu, na ndani ya mfuko wa sketi yangu simu ikatetemeka. Nikachungulia. Imeandika: Ndugu DORKASI, hujalipia leo.

Nilipaswa kusema. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini pale palikuwa na watu kama mia mbili, na wote wana miguu. Nikaisukuma simu chini zaidi mfukoni. Baba mkubwa akasubiri, kisha akasema kwa sauti ya kujivuna kidogo, "Basi mama yetu analala hadaiwi na mtu." Watu wakaitikia Amina. Na mimi niliitikia.

Kesho yake simu ikajifunga. Na ingawa imefungwa, kila siku saa nne kamili asubuhi ilitetemeka na kumwita Bibi kwa jina lake. Miezi minne hiyo. Nilikuwa nayo darasani ndani ya jalada la daftari, inatetemeka, nami natetemeka nayo. Ningeizima? Niliizima. Ilipofika saa nne nikajikuta nimeiwasha, kwa sababu niliona kama namfungia Bibi nje.

Ndipo nikaamua kuibadilisha roho.

Naomba nielezee hapa. Kila simu ina mfumo wake wa kuiendesha. Ule wa kampuni ndio unaojua nani kakopa na nani hajalipa. Lakini kuna mifumo mingine inayotengenezwa na watu wa mtandaoni, ya bure, isiyomjua mdai wala mdaiwa, na unaweza kuuondoa wa kwanza ukaweka huo. Mafundi wanasema kuflashi. Nilijifunza wiki tatu kwenye kompyuta ya dukani, wateja wakipungua, kwa jamaa mmoja wa kwenye video ambaye haonyeshi uso wake, mikono tu, na nikampenda kwa hilo. Simu za mkopo ni ngumu, mlango wa kuingilia ndani umefungwa makusudi. Ya kwangu ilikuwa toleo la zamani, na watu walikuwa wameshapata upenyo.

Nilijiambia kwamba siibi. Nilijiambia jina likifutika na deni limefutika, na lile neno la makaburini litakuwa kweli. Sikukaa nikafikiria zaidi. Ukishajua jinsi ya kufanya kitu kigumu, unakuwa na hamu ya kukifanya tu.

Basi, saa nane na dakika kumi nikachomeka waya. Kompyuta ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina uhakika, maana kila kitu kitafutika na hakitarudi. Nikasoma mara mbili. Nikabonyeza ndiyo. Vya zamani vikafutika, kioo cha simu kikawa cheusi, na kwenye kompyuta ukatokea mstari wa kijani unaojaza taratibu. Asilimia tano. Kumi na mbili. Ishirini. Nje Fundi Shabani, jirani yetu wa mageti, alikuwa anachomelea, mwanga wa bluu unaingia dukani na kutoka. Asilimia thelathini na saba. Hapo mtu akapiga hodi.

Shangazi ameweka vigae vyeupe, na vumbi la Kizota mnalijua, kwa hiyo mlangoni kuna bango: VUA VIATU. Aliyeingia alikuwa dada wa kampuni ya simu. Fulana ya kampuni, sketi nyeusi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili kwapani. Uso wake? Sikuutazama. Niliona kwa pembeni tu kwamba ni kijana na amepaka poda. Alivua viatu vyake vizuri kabisa, vyeusi, vya kisigino kifupi, akavipanga mlangoni, akakanyaga vigae.

Na mimi, kama kawaida yangu, nikatazama miguu.

Mguu wa kushoto ulikuwa na kidole cha pili kilichopanda juu ya kidole gumba kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kisigino kilikuwa na mpasuko mrefu kama ardhi ya bwawa lililokauka. Kwenye kifundo kulikuwa na kovu la jembe, limepinda kama ndoana. Nimeusugua mguu ule kwa jiwe kila Jumamosi jioni tangu nikiwa darasa la pili. Kovu lile nimelipaka mafuta. Utanidanganya mimi kuhusu mguu ule?

Ilikuwa miguu ya Bibi. Juu yake alikuwa amesimama dada wa watu mwenye poda.

Nikajiambia miguu inafanana. Nikatazama vigae, kwa sababu kila anayeingia pale, hata akivua viatu, anaacha alama za vumbi jekundu na mimi ndiye ninayedeki. Hakuacha alama hata moja. Nakiri kwamba kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu, kuwa sitadeki.

"Mambo, mdogo wangu," akasema, sauti ya kisomi kabisa.

Mdomo wangu ukaijibu ile miguu. "Shikamoo."

Sasa nikuulize wewe. Dada wa miaka ishirini na kitu akiamkiwa shikamoo na msichana wa kidato cha tatu anafanya nini? Si anacheka, anasema usinizeeshe? Huyu hakucheka. Alijibu, "Marahaba," taratibu, kama mtu aliyekuwa anaisubiri. Na kwenye kompyuta mstari wa kijani ukarudi nyuma. Thelathini na sita.

Akakaa. Akaomba maji, yasiwe ya baridi, kwa sababu ya jino. Bibi hakuwahi kunywa maji ya baridi, kwa sababu ya jino. Nikamimina glasi. Akafungua faili, akasema anamtafuta mteja wao aitwaye Dorkasi.

Nikasema hayupo, amehama.

"Amehamia wapi?"

"Buigiri. Mbele kidogo."

"Amejenga?"

"Wamemjengea."

"Bati au vigae?"

"Saruji tupu."

Akaandika. Naapa aliandika. Kila nilipojibu, mstari ulishuka. Thelathini. Ishirini na tisa. Kisha, bila kuinua kichwa kwenye fomu, akasema, "Mwambie baba yako mkubwa mchanga ameweka mwingi kuliko saruji. Upande wa miguuni pameshaanza kupasuka."

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi naona aibu kupiga kelele. Mtu mwingine angekimbia, lakini alikuwa amekaa kati yangu na mlango, na ningepitaje mbele ya mtu mzima bila kuaga? Nikabaki nimekaa, nikisema moyoni Baba yetu uliye mbinguni na kusahau inaendeleaje.

Akaendelea kwa lugha yake ya ofisini, ambayo Bibi enzi zake hakuiweza hata kidogo. Bibi Kiswahili chake kilikuwa kimejaa Kigogo. Nadhani huko waliko wanafundishwa. Akasema kwamba ofisi yao ina utaratibu. Mtu akifika akiwa na deni, si kosa, wengi wanafika nalo, mradi limetajwa mbele ya watu siku anayosindikizwa. Ambaye deni lake halikutajwa haitwi jina. Anakaa benchi, wenzake wanapita.

"Mteja wetu amekaa benchi tangu mwezi wa tano," akasema. "Na benchi lenyewe halina hata mgongo."

Nikamuuliza, sauti ikitoka kama ya panya, kama nikitafuta hela nikalipa kimyakimya haitoshi. Akasema hela ni ya kampuni, na kampuni itapata hela yake. Kinachosumbua ni lile neno la makaburini. Lilisemwa neno lisilo la kweli, mdhamini alikuwepo, na akaitikia Amina. Akageuza fomu nione. Kwenye nafasi ya mdhamini palikuwa na jina langu, na chini yake dole gumba la Bibi, wino bado mbichi.

"Linatakiwa litajwe mbele ya watu walewale," akasema.

"Naweza kuandika barua isomwe?"

"Hapana."

"Nikituma meseji kwenye kundi la kanisa?"

"Hapana."

"Nikimwambia shangazi aseme kwa niaba yangu?"

Niliona vidole vya mguu wa kushoto vikichezacheza, kile cha juu kikimpigapiga mwenzake, kama Bibi alivyofanya akitaka kucheka msibani. "Ndugu mdhamini," akasema, "utasimama mwenyewe."

Nilianza kulia. Sikulia kwa woga wa mzimu, nakwambia ukweli wangu wote. Nililia kwa sababu ya kusimama mbele ya watu. Ningeambiwa nichague kati ya kulala makaburini wiki nzima na kusema sentensi moja kanisani, ningekuwa nimeshabeba blanketi.

Akanionea huruma kidogo, nadhani. Akanyoosha kidole kwenye ile simu iliyolala nyeusi pembeni ya kompyuta, akasema kazi yangu ni nzuri, mkono wangu ni mwepesi, na siku moja itanilisha. Lakini mfumo mpya ungefuta jina hapa tu. Kule halifutiki, na mwenyewe angebaki benchini, hata wa kumwita saa nne hana tena.

Hilo ndilo lililonimaliza. Kumbe alikuwa anasikia anapoitwa.

Akasimama. Mstari wa kijani ulikuwa umebaki asilimia mbili. Alipofika mlangoni ikawa moja. Akageuka, na mara hii sauti ya ofisini ikawa imemtoka kabisa.

"Kesho ni Jumapili, mke mwenza," akasema. Akatoka.

Kompyuta ikaandika sifuri. Simu ikawaka yenyewe, ikaonyesha nembo ya kampuni, kisha maandishi yaleyale ya deni yaliyofutwa mbele ya macho yangu nusu saa kabla, jina la Bibi herufi kubwa. Glasi ya maji niliyomwona akiimaliza ilikuwa imejaa hadi juu. Na mlangoni, chini ya bango, vile viatu vizuri vilikuwa bado vimepangwa. Ameondoka peku.

Hapo nje nikasikia Fundi Shabani akisema, "Shikamoo, bibi," na sauti ikijibu, "Marahaba."

Nikatoka mbio. Mtaa mweupe kwa jua, hakuna mtu, hata kuku. Fundi alikuwa amechuchumaa chini ya geti lake, kinyago kimemfunika uso. Nikamuuliza kamwamkia nani. Akaniambia kwa mshangao, "Si bibi yako huyo kapita? Leo kaninunia, hata hajanitukana." Fundi Shabani ni Mrangi wa Kondoa, na yeye na Bibi walikuwa hawapitani bila kutaniana. Nikamuuliza kama amemwona uso. Akasema akiwa kazini haoni nyuso za watu, anaona miguu tu, na mguu ule wenye kidole kilichobebwa anaujua, umempiga teke la utani mara ngapi.

Alikuwa amerudi wiki ile kutoka Kondoa, alikokuwa akijenga tangu mwezi wa nne. Hakuwa na habari. Nikamwambia tumemzika mwezi wa tano.

Akavua kinyago taratibu. Akaizima mashine. Akaketi kwenye lile geti alilokuwa analichomelea, na lilikuwa bado la moto, akaruka. Tangu siku hiyo Jumamosi mchana hachomelei, na kila mguu unaopita anainua kinyago kwanza atazame una nani juu yake.

Sasa nitakuambia yaliyobaki mpaka leo, halafu nimalizie na asubuhi ya kesho yake, maana hiyo ndiyo sehemu iliyonigharimu.

Kaburi la Bibi lilikuwa limepasuka upande wa miguuni, vilevile alivyosema. Nimeliona kwa macho yangu.

Viatu shangazi alivikuta jioni ile. Akauliza ni vya nani, nikasema vya mteja kavisahau. Alivitunza mwezi mzima kwenye kabati la karatasi akimsubiri mwenyewe, kisha akavijaribu, vikamkaa kama amepimwa. Anavivaa mpaka leo kwenye vikao vya harusi. Anavisifu sana, ila analalamika kitu kimoja: kila akivivaa, baada ya nusu saa anajikuta amevivua na kuvishika mkononi, hajui kwa nini. Bibi hakuwahi kuvaa kiatu zaidi ya nusu saa maishani mwake. Sijamwambia. Ungemwambia wewe?

Simu deni lake liliisha. Siku ya malipo ya mwisho ikajifungua, ikaandika: Hongera ndugu DORKASI, sasa unastahili kukopa simu kubwa zaidi. Nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, Bibi tafadhali usikubali. Siku hizi ni yangu, nimeshaiwekea mfumo mwingine kwa amani, na ule mstari wa kijani ulipanda hadi mia bila kugeuka nyuma. Lakini saa nne asubuhi, hata nikiwa wapi, mkono wangu unaenda wenyewe mfukoni.

Kwa hiyo wewe unayesoma, nakuonya kama rafiki. Kama simu yako ni ya mkopo, maliza deni kwanza ndipo uichokonoe. Na ukisimama msibani ukasikia linaulizwa lile swali la nani anamdai marehemu, na wewe unajua jibu, sema. Sema hata kama sauti inakwama, hata kama mdai ni kampuni tu na haina habari na msiba wenu. Ukinyamaza, ipo siku wakala atapiga hodi. Akivua viatu, usihangaike na uso wake.

Asubuhi ile nilivaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo yenye mfuko, nikaiweka simu humo, nikaenda kanisani na kukaa benchi la tatu kutoka nyuma. Sikumbuki mahubiri. Nakumbuka miguu ya kwaya. Ilipofika saa ya matangazo baba mkubwa akasoma yote, vikao, usafi, michango ya paa, na mwisho akauliza kama kawaida yake kama kuna mwenye tangazo jingine. Huwa hakuna. Huwa anauliza huku ameshaanza kukunja karatasi.

Nikavua viatu vyangu chini ya benchi, kama Bibi alivyokuwa akifanya. Sakafu ilikuwa ya baridi. Nikasimama.

"Bibi Dorkasi anadaiwa," nikasema. "Simu. Mdhamini ni mimi. Makaburini nilinyamaza."

Baba mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniuliza ni kiasi gani. Nikakitaja. Nilijua sasa nitakemewa hadharani, nikakaza macho kwenye vidole vyangu.

Badala yake mama mmoja wa nyuma akasimama, akasema basi na yeye aseme, ana hela ya karanga za Bibi tangu Pasaka, hakuilipa kwa sababu alisikia amefariki. Akasimama mzee mmoja wa kwaya, naye karanga. Akasimama binti, naye karanga. Bibi alikuwa amekopesha nusu ya kanisa na hakuna aliyekuwa amesema, kwa sababu makaburini waliulizwa wanaomdai tu, wanaodaiwa naye hawakuulizwa. Watu walianza kucheka, kisha wakawa wanacheka na kulia.

Baba mkubwa alibaki amesimama pale mbele na karatasi yake. Nikamsikia akikohoa. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba kama ni hivyo, hata yeye kuna hela Bibi alimpa mapema ya kununulia saruji ya kaburi lake, mifuko sita. Alinunua minne. Kuhusu msichana na simu, tutaongea nyumbani. Hatujaongea mpaka leo.

Nikaketi. Nikatazama saa ya ukutani, juu ya mlango. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaishika simu kwa muda mrefu. Haikuwa imetetemeka.